Makopo Kumi na Manane

Jumatatu, 6 Aprili

Imeota yote! Miche mia moja na arobaini na mbili! Nimehesabu mara tatu, mara ya nne nikamwita mzee wangu naye ahesabu, akapata mia moja na arobaini, lakini macho yake yalistaafu kabla yake. Nyanya zimeota!

Haya, sasa salamu. Hujambo, daftari? Wewe umetumwa na binti yangu, bibi shamba mwenye shahada ya kilimo. Shahada yenyewe nimeitundika sebuleni juu ya runinga, ili anayetazama taarifa ya habari aitazame na hiyo. Alikutuma kwa basi la mwisho kabla safari hazijafungwa kwa ajili ya korona, pamoja na pakiti ya mbegu na kikaratasi: "Mama, andika kila unachopanda, siku uliyopanda, na udongo ulikotoka." Maneno ya msomi hayo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini huyo msomi alizaliwa na nani?

Wingi huu una sababu. Nilimwaga pakiti yake yote, na juu yake nikamwaga mbegu za zamani nilizodhani zimekufa. Kumbe zilikuwa zimelala tu. Bustani yangu inataka miche thelathini. Iliyobaki nimeshajua itakwenda wapi.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Konokono amekula mche mmoja. Nimemhukumu.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimetangaza kwenye kikundi cha simu cha mtaa. Kinasimamiwa na Mwalimu wa nyumba ya mkabala, ambaye tangu shule zifungwe hana wa kumfundisha ila sisi. Nimeandika: "Majirani zangu, soko linafunguliwa asubuhi mbili tu kwa wiki, na kule watu wanabanana. Nyanya mtazipata milangoni kwenu. Nyumba kumi na tano, kila nyumba miche sita. Kazi inasimamiwa na mtaalamu." Mtaalamu ni binti yangu. Alikuwa bado hajui.

Dereva, aliyestaafu mabasi makubwa, akajibu: "Mama Mtaalamu, ukigombea uongozi kura yangu unayo." Basi jina limeshika. Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyohesabu miche.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, fundi cherehani tunayemwita Mama Sindano, hakuandika kitu. Yeye alipanda juu ya ndoo akatoa kichwa.

"Shoga, hiyo miche inatolewa hivihivi au ina posa?"

"Kwako ina posa. Barakoa mbili."

"Nitakupa. Ila ukishaivaa, hakuna atakayesikia unavyojisifu."

Tulicheka mpaka mzee wangu akatoka kuuliza kuna nini. Miaka kumi na tisa tunachekeana juu ya ukuta huu. Sare ya kwanza ya binti yangu aliishona yeye, akaiwekea pindo refu la kuteremshwa kila mwaka. Mtoto alimaliza darasa la nne na sare ileile.

Jumapili, 12 Aprili

Binti amepiga simu. "Mama, umetangaza jina langu bila kuniuliza?"

"Jina lako si nilikupa mimi?"

Akacheka, halafu akawa bibi shamba. Kila mche kwenye kopo lake. Makopo yaoshwe kwa sabuni. Yakishajazwa yawekwe kando siku mbili bila kuguswa. Siku ya kugawa, meza iwe nje ya lango, watu wasimame hatua mbili mbili, waje mmoja mmoja, wanawe kwanza, na asiingie mtu uani. Mimi nasema ndiyo, ndiyo, naandika.

"Na udongo, mama. Chukua wa lundo la mboji tu. Ule wa pembe ya ukuta, mabilinganya yaliponyauka mwaka juzi, usiuguse. Ugonjwa ule unakaa ardhini miaka."

"Mwanangu, unanifundisha pembe za uani kwangu?"

"Niahidi."

Nikamwahidi.

Jumatatu, 20 Aprili

Tangu alfajiri kuosha makopo. Ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia. Tisini. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyezaliwa leo. Mzee wangu amejaza udongo wa mboji kwa koleo, mimi nahamisha miche yenye nguvu, minyonge naitupa.

Jumanne, 21 Aprili

Udongo wa mboji umeishia kopo la sabini na mbili.

Nitaandika, kwa sababu daftari halina mdomo. Yalibaki makopo kumi na manane, yote ya rangi, yale ya bluu. Nyumba tatu hizo. Nilishasema kumi na tano, nimeitwa Mama Mtaalamu, nitawaambiaje watu kuwa sasa ni nyumba kumi na mbili tu? Udongo wa kununua haupo, duka la mbegu limefungwa. Nikachukua jembe nikaenda kwenye pembe ya ukuta.

Mzee wangu alikuwa kibarazani. "Mama watoto, huo si ule..."

"Vaa barakoa yako."

"Niko nyumbani kwangu."

"Vaa, ufunge mdomo."

Lakini sikuwa mjinga. Niliuanika udongo ule juu ya bati, nikaumwagia maji ya sabuni ndoo nzima. Nikajiambia: ugonjwa huu uliofunga dunia unakufa kwa sabuni na siku mbili za kukaa kando, wa nyanya una kiburi gani? Utakaa karantini kama wengine.

Alhamisi, 23 Aprili

Siku mbili zimetimia. Nimejaza makopo ya bluu. Miche imesimama vizuri kuliko hata ile mingine. Nimemwonyesha mzee wangu. Akapandisha barakoa yake.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 4 Mei

Leo ndiyo leo! Nilichora alama kwa chokaa toka langoni hadi nguzo ya umeme. Meza, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni. Nilivaa gauni la mahafali ya binti. Watu wakaja mmoja mmoja kama nilivyosema, wakisimama kwenye alama zao kama wanafunzi, na kila aliyefika mezani nilimpa miche yake na maneno yake: osha mikono, panda jioni, binti yangu ndiye aliyesimamia, mnaiona ile shahada kupitia dirisha?

"Tunaiona, Mama Mtaalamu," akasema Dereva. "Hata kwenye basi langu ningeipa kiti cha mbele."

Nilikuwa nimeyapanga makopo ya bluu mwisho wa meza, yawaangukie watakaochelewa. Nilijiambia hivyo ni haki. Waliochelewa walikuwa Mwalimu, aliyekuwa akipiga picha za kikundi, na Dereva, aliyerudi nyumbani kufuata kikapu. Wa mwisho kabisa ni Mama Sindano. Alichelewa kwa sababu alikuwa anamalizia barakoa za watu waliokuwa kwenye foleni. Alipita alama kwa alama, akiweka ya kila mtu juu ya kijiti kirefu, wasigusane.

Alipofika kwangu nilitaka kumbadilishia. Naapa nilitaka. Lakini ya maziwa yalikuwa yameisha, na thelathini yangu ilishakuwa ardhini.

"Bluu!" akasema. "Rangi yangu. Unanijua wewe."

Jumatatu, 11 Mei

Nimesia vitunguu kwenye kitalu cha mboji. Ni vingi mno, kama kawaida yangu.

Jumatano, 20 Mei

Nyanya zinatoa maua mtaa mzima. Picha kwenye simu hazikatiki. Mama Sindano amekuwa daktari wa matawi: anapogoa machipukizi ya pembeni kwa mkasi wake wa kushonea, ule alioanza nao kazi. Kakata kwake, kwa Mwalimu, kwa Dereva, na kwa wapangaji wa nyumba ya kona, kila mahali akiwa na barakoa na wenye nyumba wakiwa ndani. Ananiambia juu ya ukuta: "Binti yako ana shahada, mimi nina makali."

Jumapili, 24 Mei

Mvua kubwa, kisha jua kali.

Ijumaa, 29 Mei

Mama Sindano ameniita. Nikapanda kwenye ndoo yangu. Miche yake miwili imelala chini ikiwa bado ya kijani, kama mtu aliyezimia. Maji inayo. Mdudu hakuna.

"Ni jua tu," nikasema. "Jioni itaamka."

Nilijua. Mabilinganya yangu yalilala vivyo hivyo.

Jumatatu, 1 Juni

Haikuamka. Yote sita. Leo Dereva ameweka picha: mitatu.

Jumatano, 3 Juni

Kwa Mwalimu minne. Kwa wengine wote, nyanya zinacheka. Thelathini yangu ina matunda kama ngumi.

Jioni kikundi kiliwaka. Mwalimu akaandika kwa mpangilio, kama ubaoni: zimeugua kwa watu watatu, tumepewa na mtu mmoja, siku moja, je, sisi watatu tuna nini ambacho wengine hawana? Niliona makopo ya bluu yanakuja, hatua kwa hatua, kama jibu la hesabu. Vidole vyangu vikatangulia kabla yangu. Nikaandika: "Labda ni mkasi."

Mkasi tu. Nilisema labda.

Kisha Dereva: "Kweli! Mama Sindano alikata kwetu sote." Kisha mwingine: mkasi unaokata nguo za watu wagonjwa. Kisha mwingine, ambaye nyanya zake hazina hata doa: basi na barakoa zake je?

Mama Sindano akaandika mara moja: "Na kwa wapangaji wa kona pia nilikata. Mbona zao nzima?"

Hakuna aliyemjibu. Jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nikazima simu.

Jumamosi, 6 Juni

Watu wawili wamemrudishia barakoa. Wamezitundika kwenye lango lake, hawakubisha hodi. Cherehani haijalia tangu juzi. Sikujua kuwa nilikuwa naisikia, mpaka iliponyamaza.

Mzee wangu alikula bila kuniangalia. Nikamwambia, sema basi. Akasema, "Nimevaa barakoa."

Jumanne, 9 Juni

Binti ameona maneno ya kikundi. Amenipigia kwa video. Akaniagiza nimwombe Mama Sindano shina moja, alirushe juu ya ukuta kwenye mfuko. Nikalikata chini, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, bila kutikisa, simu nimeielekeza kwenye glasi. Tukasubiri. Nusu dakika hivi, ukatoka uzi mweupe kwenye mkato, mwembamba, ukateremka taratibu kama uzi wa kushonea unaokunjuka. Hakuna aliyeuvuta.

"Mnyauko," akasema binti. "Huo unatoka kwenye udongo, mama. Mkasi unaweza kuusambaza, lakini hauuzai. Ulijaza makopo kwa udongo gani?"

"Wa mboji."

"Wote?"

"Wote."

"Nisomee daftari. Siku ile."

Daftari hili lilikuwa mapajani. Nikafungua tarehe ishirini na moja Aprili. Maneno yangu yananitazama, jembe, pembe ya ukuta, na mimi nikasoma kwa sauti: "Udongo wa mboji umetosha. Makopo yote tisini." Nilisoma ambacho hakikuandikwa, na kidole nikakipitisha juu ya mistari, kama msomaji wa kweli.

Akashusha pumzi. "Samahani, mama. Nilikuwa nimeogopa."

Ameniomba samahani. Mimi.

Jumatano, 10 Juni

Asubuhi binti ameandika kwenye kikundi, kwa jina lake kamili na cheo chake: udongo wa mama yangu ni salama, nimehakiki mwenyewe kumbukumbu zake, tafadhali chunguzeni vifaa vya kukatia. Watu wakaweka vidole gumba. Mwalimu akaandika: "Sayansi imesema."

Zamani ningeusoma ujumbe huo mara ishirini. Nimeusoma mara moja. Nimeenda sebuleni nikaigeuza shahada ikatazama ukuta. Mzee wangu ameigeuza tena.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua nyepesi. Sijatoka.

Ijumaa, 12 Juni

Hakuna.

Jumapili, 14 Juni

Mama Sindano amepanda ndoo yake. Mimi nilikuwa navuna, kikapu kimejaa nyekundu tupu, nikakisukuma nyuma ya mguu kama mwizi.

"Shoga," akasema, akipandisha barakoa iliyomshuka kidogo. "Mpe asante binti. Nilikuwa nakulaumu wewe moyoni. Nilisema, huyu kanipa miche mibovu. Sasa kwa kuwa mwenye elimu amesema, nimejua ni mimi. Unisamehe kwa kukudhania."

Nikasema, "Aa."

"Nimeuchemsha mkasi. Mara tatu. Umepoteza makali kabisa, sasa hata kitambaa cha barakoa unakitafuna." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekusaidia usilie. "Hata mkasi umestaafu kama macho ya mzee wako."

Akashuka. Nilibaki nimesimama na kikapu. Wanasema uso umeumbwa na haya. Wangu sijui niliuacha wapi miezi yote hii, kwa sababu leo ndipo ulipowaka moto. Mtu niliyempaka matope ameomba radhi kwa kuchafuka.

Jumatatu, 15 Juni

Nimempigia binti. Sikusema hujambo. Nikasema: "Nilikusomea uongo." Kisha nikafungua ukurasa ule nikausoma kama ulivyo, mpaka mahali pa kiburi cha ugonjwa wa nyanya, na pa barakoa ya baba yake. Nikasoma na tarehe tatu Juni. Labda ni mkasi.

Nikasikia akifunga mlango, kisha akasema:

"Niliweka jina langu, mama."

"Najua."

"Hujui. Ofisini wameuona ujumbe ule. Nimewaonyesha mimi mwenyewe. Niliringa. Nikawaambia, mama yangu hakusoma sana lakini anaweka kumbukumbu kuliko sisi."

Hapo ndipo nililia. Kumbe kuringa amekurithi kwangu, na kunizidi: yeye aliringa kwa ajili yangu.

"Futa ujumbe wako," nikamwambia. "Waambie mama yako ni mzee, alisahau."

"Sifuti. Mimi ofisini nitajieleza. Huko mtaani ulijisifu hadharani, ukiwa na meza na gauni la mahafali. Sema hadharani vilevile. Na kabla ya wote, mwambie yeye."

Kisha, kwa sauti ya kazi, akanieleza ya kufanya. Nyumba zile tatu ziing'oe miche na kuichoma, wasiitupe kwenye mboji. Mahali hapo wasipande nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi mviringo, miaka kadhaa. Vitunguu vinakubali, kabichi inakubali, mahindi yanakubali. Jembe na viatu vyangu vioshwe kila nikitoka pembe ile. Nimeandika kila neno. Nimeandika kweli.

Jumanne, 16 Juni

Nimepanda ndoo mara mbili na kushuka mara mbili.

Jumatano, 17 Juni

Mara ya tatu nikaita.

Alikuja na pini mdomoni. Niliona heri zimo, maana asingeweza kunikatiza. Nikamwambia yote. Makopo ya bluu. Pembe ya ukuta. Kwamba nilitaka kumbadilishia na sikumbadilishia. Kwamba neno la mkasi lilitoka kwangu kwanza, si kwa Dereva, na nilipoliandika nilikuwa naujua ukweli.

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi. Nne.

"Kwa wapangaji wa kona nilikata," akasema. "Niliandika. Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Miaka kumi na tisa, shoga." Hakulitamka neno hilo kama anavyolitamka siku zote. "Sare ya mwanao ilikuwa na pindo kwa sababu nilijua mtakua. Yeye alikua."

Akashuka. Nilikuwa bado sijasema naomba radhi, nikaisema kwa ukuta. Baada ya muda cherehani ikaanza, kwa kasi, kama mtu anayekimbia mvua. Sijui alikuwa anashona nini. Nililia kwa kuisikia tu.

Alhamisi, 18 Juni

Nimeandika kwenye kikundi. Mzee wangu alinikalia pembeni, akasema, "Usiweke labda." Sikuweka.

"Majirani, nyanya zilizokufa nimeziua mimi. Udongo ulikuwa mbaya, nilijua, nikautumia kwa sababu nilishajisifu. Binti yangu nilimdanganya. Mkasi wa Mama Sindano hauna kosa, na maneno ya mkasi niliyaanza mimi. Naomba Jumamosi mje wote langoni kwangu mnisikie, na mnionyeshe mlivyokasirika. Dereva, Mwalimu na Mama Sindano nitawagawia nyanya zangu thelathini, matunda yote, mpaka mti wa mwisho. Na kwa kila nyumba kuna miche ya vitunguu, mizizi mitupu iliyooshwa, imefungwa kwenye karatasi mbichi. Hamtabeba hata punje moja ya udongo wangu."

Mwalimu ameandika tu: "Nimepokea." Dereva hakuandika kitu. Wapangaji wa kona wameuliza kama waje na kopo.

Binti kasema atakuwepo kwa video, simu isimame kwenye dirisha, chini ya shahada. Nikamwuliza, hutaona aibu? Akasema, "Nitaona. Lakini nitakuwepo."

Jioni hii nimechora alama upya kwa chokaa, maana mvua ilizifuta. Hatua mbili mbili, kumi na tano. Ya kwanza, ile iliyo karibu na meza, nimeichora ya Mama Sindano, na pembeni yake glasi ya maji safi, kila mtu aone uzi ukitoka kwenye shina ambalo mkasi haukuligusa, la nyanya iliyojiotea na kunyauka kwenye pembe ya ukuta, nitakayoing'oa mwenyewe siku hiyo. Gauni la mahafali nimelikunja. Nitavaa la kazini.

Simu imelia sasa hivi. Ni yeye. Neno moja, kisha mengine matatu:

"Nitakuja. Mkasi nitakuja nao."

Basi nimeinuka nikatafuta jiwe la kunolea la mzee wangu, nimeliweka mezani, nimelifunika na kitambaa lisilowe. Alama kumi na tano, glasi moja, jiwe moja. Jumamosi, saa tatu asubuhi.